Turubai Lililokodishwa Mara Mbili

Shule niliishia darasa la tatu, lakini sijawahi kumkodishia mtu turubai nisilokuwa nalo. Kazi hii niliianza na mkokoteni na viti vichache vya plastiki, nikivisukuma mwenyewe mpaka Maisaka kwenye ubatizo wa watu. Leo nina ofisi mbili, moja Babati mjini na moja Bonga, na aibu kubwa kuliko zote nimeletewa na kompyuta.

Wanangu ndio walionishauri. Walisema ofisi zote ziwe na kumbukumbu moja, ikae mjini, wenyewe wanaiita kanzidata, ili kila ofisi ijue kilichopo na kilichotoka. Nikakubali. Wazo lilikuwa zuri, nami si mjinga.

Jumatano asubuhi wakaja watu wa Mutuka, wamefiwa na baba yao. Maziko yalikuwa Jumamosi, wakimsubiri mtoto aliye safarini. Nikawapa maturubai yote makubwa, na binti wa ofisi akaingiza kwenye kompyuta nikimwangalia. Mchana wake, mama mmoja akaingia ofisi ya Bonga. Jumamosi hiyohiyo alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa, wageni kutoka Mbulu wameongezeka, na masika ndiyo hayo. Kompyuta ya Bonga ikasema maturubai yapo. Haikusita hata kidogo. Akaandikiwa, akaenda zake na amani.

Ijumaa akanifuata mjini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mama. Karibu kiti.”

“Kiti sitaki. Nimefuata maturubai. Mashimo ya nguzo nimechimba tangu jana, sasa kuku wanalala humo.”

Nikamwita fundi aliyetuwekea ule mfumo, mtu mzima mwenye kitambi na vyeti. Akabofyabofya, akajifuta jasho.

“Mzee, kanzidata iko sahihi kabisa. Ila kompyuta ya Bonga ina nakala yake. Inaichukua asubuhi ikiwashwa, halafu siku nzima inajibu kutoka kwenye nakala hiyo, ili isiulize huku mjini kila mara. Inaongeza kasi.”

“Kwa hiyo mchana ilimjibu huyu mama habari za asubuhi.”

“Ndiyo, mzee.”

“Hiyo unaita kasi? Mbea wa sokoni naye ana kasi.”

Mama akamgeukia. “Baba, ng'ombe nimeshachinja. Kesho wageni niwafunike na nini, hiyo nakala?”

Nilitamani kutema mate, ila sakafu ilikuwa yangu.

Dereva wangu akajitia akili. “Mzee, tukang'oe moja kule Mutuka. Si wamekaa tu?” Nikamwambia akaoshe gari. Turubai la msiba haling'olewi marehemu akiwa bado hajazikwa. Anayefanya hivyo hapa Babati, hata akifa yeye hakuna atakayekuja kumzika.

Nikamrudia fundi. “Kuanzia leo, Bonga kabla ya kusema ndiyo iulize huku kwanza. Na huku kikibadilika kitu, nakala ya kule itupwe palepale.”

“Itakuwa nzito, mzee. Na mtandao ukikatika?”

“Iseme haijui. Kwani kusema hujui kunaua?”

Ikabaki njia moja ya kumwokoa yule mama, nayo ilinichefua. Kuna mtu kwenye barabara ya Dodoma anayefanya kazi kama yangu, na hatusalimiani tangu aanze kuwaambia wateja kwamba viti vyangu vina kunguni. Viti vya plastiki. Nikaenda kwa miguu yangu. Nilimkuta anatafuna muhindi wa kuchoma, wala hakuinuka.

“Kumbe na wenye kompyuta huazima,” akasema.

“Huazima. Nipe maturubai, maneno nitayabeba bure.”

Akacheka mpaka punje zikamruka mdomoni. Lakini akanipa.

Jumamosi mvua ilishuka chakula kikiwa mezani, na hakuna mgeni aliyelowa. Binti akaagwa vizuri, shangazi zake wakicheza kwenye tope. Mimi niliwekwa mbele pamoja na wazee. Juu ya kichwa changu, kwa herufi kubwa nyekundu, palikuwa na jina la yule mtu. Mzee mmoja kutoka Mbulu akalisoma taratibu, akaniinamia.

“Huyu bwana anafunika watu vizuri. Unamfahamu?”

Mdomo ulikuwa umejaa pilau. Nikameza.

“Namfahamu,” nikasema.