Siku Niliyomzika Kocha Mfaransa Akiwa Mzima

Chekeni tu, maana Grand Prairie nzima, hapa Texas, imeshacheka na mimi nimechoka kujificha viti vya nyuma kanisani. Afadhali mlisikie jambo hili kwangu kuliko kwa wanaotia chumvi (ingawa kusema kweli hakuna chumvi iliyobaki ya kutia).

Mnajua mtu wetu akifariki huku, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani Kenya, mimi ndiye husoma wasifu wake. Nina sauti, nina suti nyeusi, na nina faili moja kwenye kompyuta ambayo huwa nabadilisha jina na tarehe tu. Basi binti yangu Wambui, anayecheza raga shuleni, akasikia Kocha Lucien anatafuta wasichana wa kikosi chake cha Houston. Huyu Lucien zamani alichezea timu ya taifa ya Ufaransa. Akaja, akamtazama Wambui akicheza asubuhi, hakusema kama anamchukua au hamchukui, na tukamkaribisha ukumbi wa kanisa ale chakula. Wambui aliniomba kitu kimoja: "Dad, please, just say hi and sit down."

Hi! Mgeni wa kiwango hicho, Mkenya amkaribishe kwa "hi" halafu aketi? Nikasema lazima historia yake isomwe. Na kwa vile usiku uliotangulia nilitoka zamu ya hospitali nikiwa hoi, nilikuwa nimefungua faili ile ile. Neno marehemu nililifuta (sijawa mjinga kiasi hicho), nikaingiza klabu zake, nikaona kazi imeisha.

Nikaanza vizuri, kwa Kiingereza changu cha kanisani, kwamba ndugu yetu Lucien alizaliwa kusini mwa Ufaransa, mtoto wa tatu kati ya watano, akaitwa timu ya taifa akiwa kijana mbichi, akaivalia jezi miaka tisa kwa uaminifu, kisha akaanza kusumbuliwa na goti la kushoto, akapasuliwa mara mbili, madaktari wakajaribu kila njia, na hapo sauti yangu ikashuka yenyewe kwa mazoea, nikaona akina mama wameinamisha vichwa na Mama Njeri wa kwaya anatafuta leso, na badala ya kunyamaza, mdomo huu ukasoma kilichoandikwa: ameacha mke na watoto wawili.

Mama Njeri akaanzisha wimbo wa msiba. Ukumbi ukampokea! Nusu ya watu wamesimama, na Lucien, sahani ya pilau mkononi, anamwuliza Wambui, "Who died?"

"You did," Wambui akamjibu, kisha akanigeukia machozi yakimlengalenga. "Dad, you buried my coach!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lucien hakucheka hata kidogo. Aliweka sahani chini, akaja mbele akichechemea, akaninyang'anya karatasi na kuisoma yote, taratibu.

"Ten years," akasema. "Not nine." Akamtazama Wambui. "Saturday, Houston. Don't be late."

Kwa hiyo sasa kila Jumamosi na-drive masaa manne, na amri ya binti yangu ni moja: nibaki ndani ya gari. Joto la Texas hili! Nabaki. Msiba ukitokea niiteni, nitakuja na suti yangu. Lakini mtu ambaye bado anapumua, ajitambulishe mwenyewe.