Kabula Hajibu Jina

Mwalimu Kalista alikuja Ubaruku akitokea Mafinga, na mwaka mzima nilimwona kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Anatembea taratibu kando ya mfereji, anasimama kutazama ukungu ukinyanyuka kwenye mpunga, kisha anasahau alikokuwa akienda. Shuleni wakamkabidhi malezi na ushauri. Mimi Timotheo, mwalimu wa Darasa la Nne, nilidhani amepewa kazi hiyo kwa sababu haihitaji mtu mwenye haraka.

Wakati wa mapumziko aliwakalisha nyuma ya darasa, juu ya mabua ya mpunga, wale watoto ambao sisi wengine tulishawachoka: wagomvi, watoro, wanaolia bila kusema sababu. Aliweka katikati ndoo ya udongo wa mfereji. "Nifinyangie moyo wako ulivyoamka leo," alimwambia kila mmoja. Watoto wa wafugaji waliohamia huku Usangu kutoka kaskazini walifinyanga ng'ombe. Ng'ombe aliyelala, mwenyewe amechoka. Aliyegeuza mgongo, ana hasira. Aliyewekwa peke yake mbali na kundi, mwenye ng'ombe huyo Kalista alikaa naye mpaka kengele. Pumba kutoka mashine ya kukoboa zilipepea juu yao kwenye jua, na hakuna aliyezifukuza.

Nilipita pale nikacheka. "Mwalimu, mtihani wa Darasa la Nne hauna swali la kufinyanga."

"Haya, Mwalimu," alinijibu, akili yake ikiwa mbali sana.

Katika watoto hao alikuwemo Kabula, binti wa mzee Nkuba. Mpunga wa mzee ulikuwa umeanza kujaza punje, na kwelekwele, ndege wadogo wala nafaka, walikuwa wakishuka kwa maelfu. Regista yangu ilionyesha Kabula hakuhudhuria siku kumi na nane. Mwalimu mkuu akasema Ijumaa anafuta jina lake. Jina likifutwa, mtoto anabaki shambani moja kwa moja, kila mtu alilijua hilo. Nilikubali. Nilikuwa na watoto tisini na saba darasani na nilishachoka.

Alhamisi jioni Kalista akanijia. "Kesho alfajiri twende shambani kwao, kabla jina halijafutwa." Nilienda huku nanung'unika njia nzima.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya majaruba ya mpunga, na dungu la miti, pale anapokaa mfukuza ndege, lilionekana kama linaelea. Kabula alisimama juu yake akivuta kamba iliyofungwa makopo. Kinywa chake kilikuwa wazi, shingo imekaza, lakini hakuna sauti iliyotoka. Kundi la kwelekwele lilipinda hewani, likashuka, likapinda tena, na kwa muda nilisahau kwamba nina baridi.

Kalista akavua viatu, akapanda dunguni, akapiga ukelele. Sikujua kama ana sauti ile. Ndege wote wakanyanyuka.

Mzee Nkuba alitoka kwenye tuta akatusalimu. "Sauti ya huyu mtoto imekwisha, Mwalimu. Karibu mwezi sasa. Anaamia ndege hapa alfajiri, jua likitoka anakimbilia shule. Jioni anarudi tena kwa ndege."

"Anakimbilia shule?" nikauliza.

"Kila siku. Mimi sijamkataza. Kwani nyie huko hamumuoni?"

Mimi huita majina macho yakiwa kwenye regista. Anayesema "Nipo" napiga tiki, asiyejibu namwandika hayupo, naendelea. Siku kumi na nane Kabula alikuwa mbele yangu, ananijibu kwa midomo mitupu. Niliona aibu kubwa, ya mtu mzima aliyekosea mbele ya mtoto.

"Wewe ulijua?" nilimuuliza Kalista, kwa sauti ya ugomvi, maana nilitaka nisiwe peke yangu.

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Mapumzikoni alikuja kwangu, nikadhani darasani anatoroka. Alinifinyangia ng'ombe asiye na mdomo. Mara tatu. Nikadhani amesahau kuuweka, nikamwekea mimi."

Kisha akaichukua ile kamba mkononi mwa mtoto. "Nenda na Mwalimu wako. Leo naamia mimi."

Kengele ilipolia, mwalimu mkuu alikuwa mlangoni na kalamu yake nyekundu. Nilifungua regista, na safari hii niliita kila jina nikitazama uso.

"Kabula Nkuba."

Akainua mkono. Juu ya kiganja alisimama ng'ombe mdogo wa udongo, bado mbichi. Violet, anayekaa naye dawati moja, ndiye aliyeanza, kisha wote wakafuata, kwa ukelele ule ule wa kufukuza ndege.

"Yupo!"

Mwalimu mkuu akanitazama. Niliandika yupo, halafu nikarudi nyuma siku moja moja, zote kumi na nane, nikizisahihisha mbele yake. Ng'ambo ya mfereji tulimsikia Kalista akipigia ndege kelele, na sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.