Siku Nilipouacha Mrija kwa Ajili ya Sifuri

Aibu hii nilidhani itapoa yenyewe, kumbe wapi, kila tukienda ukweni inapashwa moto upya, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa baba yangu mdogo Sostenes, ambaye akiisimulia huongeza na mbwa aliyenifukuza (hakukuwa na mbwa).

Ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Odilia, kule Bugarama, Ngara. Mimi ni mtu wa Nyarubungo, Biharamulo, na nimelelewa na shangazi ambaye hamwamini binadamu yeyote anayeishi nyuma ya kilima chetu. Asubuhi ile alinivuta pembeni akaniambia, "Huko ugenini ukipewa pombe, mtazame mwenyeji. Akionja kwa kujifanya tu, usiguse." Nikamcheka, nikamwambia shangazi, hayo mambo yamepitwa na wakati, mimi ni mtu wa kompyuta. Lakini neno likawa limeshaingia na likakaa.

Sasa kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Natengeneza kompaila, yaani ile programu inayogeuza anachoandika mtaalamu kuwa amri ambazo prosesa inazielewa. Ndani ya prosesa kuna vyumba vidogo vinaitwa rejista, na zile za vekta ni pana, moja inabeba namba nne kwa mkupuo. Mimi nilipewa kazi ya kuangalia namba ambazo zinajulikana tangu mwanzo na hazibadiliki, ili kompaila izipakie kwenye rejista kwa njia ya mkato badala ya kwenda kuzichota kwenye kumbukumbu kila mara. Zikiwa zote nne ni sifuri ndiyo raha zaidi, huchoti kitu, unatoa amri moja tu, rejista inafutika yote. Niliandika hivyo, nikaituma, nikajipongeza.

Mwenzangu wa Dar es Salaam, Fadhili, ndiye aliyekuwa anaikagua, na siku mbili tatu alikuwa ananiuliza maswali mengimengi. Mimi nikajua tu huyu anatafuta kosa ili aandike yake aichukue sifa. Kwa hiyo (hapa ndipo nilipojiroga) niliingia ukweni na kisikilizio cha simu sikioni, upande wa kushoto, nikakifunika kwa kofia, ili Fadhili asije akafanya lolote bila mimi kujua.

Baba yake Odilia anaitwa Mzee Gervas. Alikuwa kijana wa mgambo wakati wa vita vya Kagera, akakaa na wapiga redio, na mpaka leo anasalimia kama mtu aliye lindoni. Enzi za kijiji cha ujamaa walimzoeza kumwita kila mtu ndugu, basi na mimi nikawa ndugu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndugu mgeni, vua kofia."

Nikaivua, nikageuza kichwa ili sikio la kushoto lielekee ukutani, nikakaa nimepinda shingo hivyo kama kuku anayesikiliza mwewe. Baba mdogo, aliyenisindikiza, akaanza kunisifia, kwamba kijana wetu huyu ana kazi kubwa, kazi ya mitambo, hata Wazungu wanamsubiri yeye. Mzee Gervas akawa ananitazama shingo tu.

Pombe ikaletwa. Rubisi ya ndizi, chungu kimoja, mirija kadhaa. Mnajua utaratibu wa kule: mwenyeji anavuta kwanza mbele ya macho yenu, kuonyesha kwamba chungu hakina sumu, halafu anakukabidhi mrija. Ukishakabidhiwa unavuta. Hakuna kujifikiria, hakuna kuinuka, kwa sababu kuinuka ni sawa na kumwambia mwenye nyumba mbele ya mkewe na watoto wake kwamba yeye ni mchawi.

Mzee akavuta. Mimi (Mungu anisamehe) macho yangu yakanitoka yakaenda kooni kwake, nikawa naangalia kama linapanda na kushuka. Nikaona limeshuka mara moja. Mara moja inatosha? Shangazi hakusema. Akanikabidhi mrija, nikaushika, nikausogeza mdomoni, na simu ikalia sikioni.

Nikasema, "Samahani, natoka kidogo." Nikauweka mrija chini.

Sikumwona mtu usoni, nilikuwa nishafika nyuma ya nyumba natafuta mtandao, nao ulikuwa juu ya kichuguu kilichopo mwisho wa migomba, pale ambapo ukisimama unaiona milima ya Burundi vizuri kabisa. Fadhili ananiambia majaribio yamefeli, rejista inatoka na majibu mabaya, "nisomee namba zote nne, moja moja." Nikawaza, unaona, anataka nijifunge mwenyewe. Nikamsomea kwa hasira na kwa sauti, uso nimeuelekeza Burundi:

"Sifuri. Sifuri. Sifuri..." Nikaiangalia ya nne kwenye simu. "Hasi sifuri."

Hapo ndipo nilipolijua kosa langu. Kompyuta ina sifuri ya kawaida na sifuri yenye alama ya kutoa. Ukiiuliza kama zinalingana inakujibu ndiyo, lakini ndani haziko sawa, na kwenye hesabu nyingine alama ile inageuza jibu lote. Mimi programu yangu iliuliza tu kama zote ni sifuri, ikajibiwa ndiyo, ikaamini, ikaifuta rejista nzima. Nikapiga kelele, "Ya nne! Ya nne ndiyo yenye shida!"

"Yewe! Shuka hapo!"

Ni Mzee Gervas, na nyuma yake baba mdogo, na mjumbe wa nyumba kumi, na majirani walioitikia yowe ambalo mimi kwa ajili ya kile kidude cha sikioni sikulisikia. Wengine wameshika majembe.

"Ndugu mgeni, unamsomea nani namba huko ng'ambo? Mimi nimekaa na watu wa redio, namjua mtu anayetuma namba."

"Baba, si ng'ambo, ni Dar. Ni sifuri tu."

"Sifuri?" mjumbe akauliza.

"Sifuri nne. Nazipakia kwenye prosesa."

Mama mmoja akasema, "Mtu atoke Biharamulo aje apande kichuguu kusoma sifuri?" na kicheko kikaanza kidogo kidogo, kikawa kikubwa. Baba mdogo alikuwa anatazama viatu vyake. "Mwanangu," akasema, "ndiyo ile kazi niliyowaambia?"

Ningependa kusema yaliishia kwenye kicheko. Tuliporudi ndani mama yake Odilia hakuwa amecheka, na aliuliza kwa upole, "Mwanangu, sifuri tumezielewa. Mrija wetu uliuacha kwa nini?"

Nilitafuta uongo. Odilia alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na niliona wazi kwamba nikidanganya pale ndiyo basi, atanisindikiza mpaka barabarani na tusionane tena. Nikasema, "Niliogopa, mama. Niliambiwa niogope."

Baba mdogo akajifunika uso. Mzee Gervas akavuta kigoda, akakaa, akainama kwenye chungu, akavuta taratibu huku ananikazia macho, koo likapanda na kushuka. Akafuta mdomo. Akainama akavuta tena. Kisha akaninyooshea mrija, na mimi nikanywa mpaka machozi yakanitoka, na sijui kama yalikuwa ya pombe.

Fadhili alirekebisha ile kasoro jioni hiyohiyo, kila namba ikaguliwe alama yake yenyewe, na jina langu akaliweka mbele ya lake. Nilimshuku yule, nikawashuku watu walionipikia tangu alfajiri, mtu pekee ambaye sikumshuku ni mimi na sifuri yangu.

Tukaoana. Nimeapa simu yangu haitavuka tena kizingiti cha Bugarama, naiacha kwa jirani kabla ya kupiga hodi. Lakini mpaka leo chungu kikiletwa Mzee Gervas anavuta, ananitazama, anavuta tena, halafu ndipo anasema, "Karibu, ndugu," na nyumba nzima inaangua kicheko. Odilia peke yake hacheki. Anasubiri aone kama nitakunywa.