Vua Kiatu Tuone

Harufu ya dizeli ikinipata hapa Garsen, basi linapopashwa moto asubuhi, narudi palepale: mimi chini stesheni, treni inaondoka, na baba mdogo Dhadho yuko dirishani, hanitazami.

Nirudi nyuma kidogo mnielewe. Dhadho, mume wa mama mdogo, alinitoa kijijini kwetu Idsowe nikiwa na miaka tisa. Alimwahidi mama nitasoma Nairobi. Nilisoma nepi. Mtoto wao alipoanza kutembea, akasema, "Leo nakupeleka shule." Tukapanda ile treni ya wafanyakazi, iendayo mjini asubuhi na kurudi jioni. Stesheni ya katikati akaniambia, "Shuka uninunulie mahamri kwa yule mama." Nikashuka.

Kwetu mtoni, mtumbwi ukikuacha huondoki kivukoni. Hata kulia, unalilia palepale, maana mtumbwi utarudi tu. Basi nikakaa kwenye benchi na mahamri yangu, sikuyala. Mama wa tiketi akaniuliza, "We mtoto, wamngoja nani?"

"Baba mdogo. Amevuka."

"Na asiporudi?"

"Kwani chombo chenu hulala upande ule?"

Akacheka, akaniletea chai. Jioni treni ikaja, akamwambia kondakta anipandishe. Tukamtafuta behewa kwa behewa mpaka nikamwona, dirishani vilevile.

"Shikamoo, baba mdogo. Mahamri yako haya."

"Simjui huyu," akamwambia kondakta.

Watu wa treni ya jioni wamechoka, lakini masikio hayachoki. Nikataja jina lake, la mkewe, na kovu la jembe kwenye mguu wa kushoto, alilolipata shambani kwetu. Mzee mmoja akakunja gazeti lake. "Bwana, vua kiatu tuone."

Akavua. Behewa zima lilimcheka mpaka stesheni ya kwao, na watu wakanisindikiza hadi mlangoni. Wiki hiyohiyo mama mdogo alinirudisha. Nilishuka Garsen kama bibi harusi.

Mama alinishika uso kwa mikono miwili. Alikuwa na barua ya Dhadho, kwamba nimetoroka. Miaka yote nilijua ushindi wangu ni kile kiatu. Juzi tu, uzeeni mwake, ndipo mama akanitajia siku barua ile ilipomfikia: Ijumaa. Mimi niliachwa Jumatatu iliyofuata.

Dhadho, leo uko hapo jirani Minjila, unasuluhisha ugomvi wa watu. Barua ninayo. Njoo mbele ya haohao unaowaamulia, unijibu: ulijuaje Ijumaa kwamba nitapotea Jumatatu?