Ukungu Juu ya Majibu

Mtu akikuambia kazi ya kompyuta ni kukaa kitini tu, mwambie aje akae kwenye kiti cha Mama Pacha. Kilikuwa kwenye ofisi ya chumba kimoja, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kutwa nzima sauti ya msumeno wa kukatia mabomba ilipanda kupitia sakafu. Hapo ndipo alipotengeneza programu za simu. Aliandika mara moja, halafu kazi ileile ilitakiwa ikubali kwenye simu za kila aina, za wenye nazo na za wasio nazo. Ndivyo wateja walivyoahidiwa, na aliyewaahidi hakuwa yeye.

Safari hii mteja alikuwa kliniki ya kina mama. Walitaka mgonjwa apate majibu ya vipimo kwenye simu yake, asije kupanga foleni. Na kwa kuwa simu hufunguliwa mbele za watu, majibu yafunikwe, yasionekane mpaka mwenyewe aweke kidole. Mbunifu wa ofisi, waliyemwita Kioo kwa jinsi alivyotaka kila kitu kifanane na kioo cha bafuni, alichora kifuniko cha ukungu. Herufi kubwa chini, ukungu laini juu, kidole kikigusa ukungu unayeyuka. Kilikuwa kizuri, tusimnyime haki yake. Bosi alipokiona alipiga meza kwa furaha, akasema, "Hapa asiguse mtu!"

Mama Pacha naye alikipenda, na hapo ndipo alipojitia kitanzini. Jioni alifika nyumbani amejaa furaha, akamsimulia wifi yake. Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa amerudi kukaa kwa muda kwa mama yake, nyumba ileile aliyoishi Mama Pacha, maana alikuwa akitibiwa kwenye kliniki hiyohiyo. Alikuwa akitafuta mtoto. Kila alipopimwa, habari zilimfikia kila mtu, mama yake, mashangazi, mwenye duka, mpaka fundi cherehani wa pale kona, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema.

"Kupimwa sichoki, wifi," alisema. "Ninachochoka ni nyuso za watu. Safari hii majibu yakija, mazuri au mabaya, nataka niyajue mimi kwanza. Nilie kama ni kulia, ninawe uso, halafu niwaambie mwenyewe."

"Tena utayajua peke yako," Mama Pacha akamjibu, kifua mbele. "Hata Mama akikaa ubavuni pako ataona ukungu mtupu. Mimi ndiye ninayeuweka!"

Kesho yake akaitoa Bibi kwenye droo. Bibi ilikuwa simu ya bei ya chini, yenye ufa kwenye kona, iliyonunuliwa kwa majaribio ikasahauliwa. Bosi na Kioo walijaribia kila kitu kwenye simu zao wenyewe, zile za kuwekwa mezani zionekane. "Ikipita hapa imepita kote," Bosi alizoea kusema. Mama Pacha akaichaji Bibi, akafungua programu, akabaki mdomo wazi. Ukungu uko wapi? Palikuwa na kitu cheupe chepesi kama chandarua, na chini yake majibu yanasomeka mpaka nukta.

Haya, akaanza kuhangaika. Akaongeza uzito wa ukungu, na kile chandarua kikazidi weupe, ila herufi zikabaki palepale kama zinamcheka. Akaingia mtandaoni kwa mafundi wenzake, akakuta mmoja ameuliza swali hilohilo na mwingine amejibu, "Hata mimi." Asante sana, umenisaidia! Kumbe simu za aina ya Bibi ziliweka weupe tu badala ya ukungu. Akawasha ukungu wa kweli, ambao kwa simu hizo ulikuwa bado wa kubahatisha. Ukungu ukatokea, lakini Bibi ikawa nzito, ukurasa haupandi wala haushuki. Akapunguza huku, akapunguza kule, ikaanza kutembea. Alipodhani amemaliza ndipo akaona jambo lililomtoa jasho. Kila alipofungua majibu, herufi zilitokea wazi kwanza, kufumba na kufumbua, halafu ndipo ukungu ukazifunika.

Na hapo hakuwa amekosea kuandika popote. Ukungu wa simu ndivyo ulivyo. Unangoja kitu kichorwe, unakipiga picha, unaivuruga hiyo picha, ndipo unaibandika juu yake. Yaani ili ufiche, lazima kwanza kionekane! Kwenye simu ya Bosi mambo hayo yalipita kabla jicho halijajua kitu. Bibi ilihitaji kuvuta pumzi.

"Tuweke rangi nzito," aliwaambia kwenye kikao cha asubuhi. "Ya kijivu, ya bluu, yoyote ile. Hiyo inatangulia kabla herufi hazijaja, na mgonjwa akigusa inaondoka."

Kioo akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Itaonekana kama kipande cha boksi."

"Boksi linafunika!"

"Dada yangu, nani anasoma kitu kwa kufumba na kufumbua? Wewe unaziona kwa sababu unajua zipo."

"Wagonjwa wengi wana simu kama hii." Akaiinua Bibi juu. "Siyo kama hizo zenu."

Bosi akatazama saa yake. "Wakubwa wa kliniki wameshaiona kwenye simu yangu na wamepiga makofi. Leo niende nikawaambie tumewaletea boksi? Programu inatoka Ijumaa. Hilo lako tutaliangalia kwenye toleo lijalo."

Toleo lijalo! Mama Pacha alilijua vizuri hilo toleo lijalo. Alishapeleka huko matatizo chungu nzima, na halijarudi hata moja. Akatamani aondoke abamize mlango, ila mlango wa ofisi ile ulikuwa wa kusukuma pembeni, haubamiziki. Akarudi kitini akasema, "Sawa." Alikuwa amechoka kutwanga maji kwenye kinu.

Jioni alimkuta wifi yake jikoni anaosha vyombo, simu yake, ya bei ya chini kama Bibi, iko dirishani. Akafungua mdomo amwambie asije akaifungua ile programu mbele ya watu, akaufumba. Angeanzia wapi, baada ya kujitapa vile? Akajifariji kwa maneno yaleyale ya Kioo aliyoyapinga asubuhi. Nani anasoma kitu kwa kufumba na kufumbua?

Mama mkwe anasoma. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu aliyesahihisha kazi za darasa zima huku anapika, na macho yake yalikuwa bado makali kuliko ya vijana wa nyumba ile.

Jumamosi mchana walikuwa sebuleni. Wifi alikaa kwenye kochi, mama yake ubavuni pake anakunja nguo za pacha, na Mama Pacha chini kwenye mkeka anamkata kucha pacha mmoja asiyetaka kutulia. Simu ya wifi ikalia. Akaitazama, na uso ukambadilika. Majibu ya kliniki yalikuwa yameingia kwenye ile programu.

"Wifi," Mama Pacha akasema, "hebu nenda nayo chum..."

Wifi alikuwa ameshaifungua. Hakumpa mama yake mgongo wala hakuiinamisha ile simu. Ya nini? Si aliambiwa? Herufi zikawaka, ukungu ukazifunika. Yeye mwenyewe hakuziona, alikuwa anahangaika kutafuta mahali pa kuweka kidole.

"Pole, mwanangu," mama yake akasema, akamwekea mkono mgongoni.

Kidole cha wifi kilikuwa bado hewani. Akaitazama simu, ukungu umetulia juu ya majibu, hauna doa. Akamtazama mama yake. Halafu akabonyeza, pole pole, ingawa hakukuwa tena na sababu ya kubonyeza, akasoma: HAKUNA UJAUZITO. Akaiacha simu kwenye kochi, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

"Kwani nimesema nini?" mama mkwe akauliza, nguo ya mtoto bado mkononi. "Si nimempa pole tu?"

"Hujakosea kitu, Mama."

Mama Pacha akamwachia mtoto, akaenda kusimama mlangoni kwa wifi yake. Akagonga. Alimkasirikia Bosi, akamkasirikia Kioo, na kuliko wote akajikasirikia mwenyewe.

"Wifi. Nilijua."

Sauti ikatoka ndani, nzito kwa machozi. "Ulijua nini?"

"Kwamba kwenye simu kama yako majibu yanaonekana kwanza. Niliwaambia ofisini wakakataa. Wewe sikukwambia. Niliona aibu, baada ya maringo yale."

Wifi alisikika anapenga kamasi. Mama Pacha akajiandaa kutukanwa, na kwa kweli angependelea atukanwe.

"Wenzangu wa kliniki," wifi akasema mwishowe, "wote wameshapewa hiyo programu?"

"Tangu jana."

"Na simu zao zikoje?"

"Nyingi ni kama yako."

"Sasa unafanya nini mlangoni kwangu?"

Mama Pacha akaenda kuchukua kompyuta yake, akaifungua palepale mezani kati ya nguo za watoto, akaanza kuuondoa ukungu wote, wa simu za bei ya chini na wa zile za akina Bosi. Mahali pake akaweka kijivu kizito, kipande cha boksi hasa, akalituma toleo jipya kwenye simu za wagonjwa wote. Simu ya Bosi ilipoanza kuita, aliiacha iite.