Pombe ya Pelagia na vidonge vya Bazilio

Saa moja asubuhi Pelagia Niyibizi ameketi mlangoni kwake, kijijini Rungwe Mpya wilayani Kasulu, anakata kucha kwa wembe. Anakata mpaka nyama inauma. Akimaliza anainua vidole vyote kumi, wapita njia wavione.

"Mama Rosa, leo umebakiza vidole kweli?" anatania jirani yake Sylvesta, jembe begani.

"Njoo uvihesabu, kisha unywe."

Sylvesta anacheka, lakini miguu yake haisimami.

Pelagia, mjane wa miaka thelathini na sita, anapika pombe ya ndizi. Hukanda ndizi mbivu kwa nyasi, akachuja maji yake, akatia unga wa mtama uliokaangwa na kufunika siku mbili. Zamani alimaliza mitungi mitano kwa juma. Sasa anapika miwili, na mmoja huishia kumwagwa migombani.

Huku kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo apitishe mrija. Basi ikiwa yeye ameonja salama na mgeni akaugua, watu hawasemi pombe imeharibika. Husema sumu ilikuwa chini ya ukucha wa aliyeshika mrija.

Ndivyo alivyoambiwa Pelagia mwezi Juni mwaka huu wa 1977. Siku hiyo mzee Bazilio, jirani wa nyumba ya tatu, alipokea wageni waliokuja kumposa binti yake. Pelagia alipeleka mtungi, akaonja, akampa mzee mrija. Haikupita robo saa, macho ya Bazilio yakawa mekundu, akashika kifua, akatapika juu ya mkeka wa wageni.

"Moyo wake uliruka hata shati likatikisika," anasema Pelagia. "Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, 'Mshikeni huyo mama.' Mpaka leo nikisikia hodi, nashika wanangu kwanza, ndipo naitikia."

Bazilio alipata nafuu kesho yake, lakini akanyamaza. Majirani wakataka Pelagia ahame, na mkutano wa kijiji ukapangwa kuamua.

Aliyejua kisa ni Kipriani, mhudumu wa zahanati. Siku mbili kabla ya posa alikuwa amempa Bazilio vidonge vya kuhara damu, akamkataza kugusa pombe mpaka siku tatu zipite baada ya kidonge cha mwisho.

"Vidonge vile vikikutana na pombe mwilini, ni ugomvi," anasema Kipriani. "Mtu hutapika, moyo huenda mbio, kichwa kinamgonga. Nilimwambia mara mbili. Ila ugonjwa wa mtu siutangazi mimi. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamwomba aseme mwenyewe."

Bazilio anasimulia akitazama chini. "Ningeukataaje mrija mbele ya wakwe? Kuukataa ni kuwaambia pombe ina sumu. Na ningesema naharisha, wangesema nyumba hii ina maradhi, wakaenda zao."

Siku ya mkutano Pelagia alikuwa ameshafunga mikeka na vyungu vyake. Rosa, binti yake mkubwa, alimbeba mdogo mgongoni, tayari kwa safari. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Akauliza tena.

Bazilio akasimama. "Ndugu mwenyekiti, mama huyu hana kosa. Nilikuwa nameza dawa."

"Dawa ya nini, mkwe?" aliuliza Makarius, baba wa kijana anayeposa.

"Ya kuhara. Kuhara damu."

Mtu mmoja alicheka. Makarius hakucheka. "Ungeniambia," alisema, "ningekuja na uji."

Pelagia aliruhusiwa kubaki. Lakini wateja hawajarudi wote, na hofu yake mwenyewe imegeuka.

"Zamani niliogopa maneno ya watu. Sasa naogopa huo mrija. Nitajuaje nani amemeza nini asubuhi? Na mbele za watu nani atasema?"

Kwa hiyo ameanza kuweka mitungi miwili inayofanana. Mmoja una pombe. Wa pili una maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi hiyo hiyo, matamu, hayajachacha. Anayetumia dawa hupita kwanza mlango wa nyuma, akamnong'oneza. Wakishaketi, naye hupewa mrija kama wenzake, na hakuna anayejua anavuta nini. Kipriani amekubali kuwaelekeza wagonjwa wake huko.

Mwezi ujao ni harusi ya binti Bazilio, na Makarius mwenyewe amemwomba Pelagia apike. Wageni watakuwa zaidi ya mia, wengine kutoka Kibondo, watu asiowajua hata sura.

"Nitaanza kuzunguka nyuma ya nyumba mapema, niwaulize wageni mmoja mmoja," anasema. "Na bwana harusi nitamuuliza wa kwanza. Yule hata akiwa mgonjwa wa kufa, hataukataa mrija mbele ya wakwe."