Mtu Anayejua Unapolala

Bado naikumbuka siku Mzee Elia aliponiburuta hadi ndani ya manowari, mwanangu. Ilikuwa hapa hapa Buffalo, kando ya maji, zilikofungwa meli za vita za karne iliyopita ili watu wazitazame. Mimi nilikuwa kijana mwenye hasira. Ndiyo, cheka tu. Kichwa hiki kiliwahi kuwa na nywele.

Nilikuwa nalala godoro moja na Samweli, mtoto wa shangazi yangu. Si pamoja, kwa zamu. Yeye alifanya kazi usiku kwenye ghala kule Cheektowaga, mimi mchana kiwandani. Nikiamka anaingia, godoro bado lina joto langu. Aliacha soksi chini ya mto, nami nilizichukia soksi zile kuliko baridi ya Buffalo. Rafiki akaniambia kuna chumba Linden, kule Columbus, nikakubali. Shangazi alilia, nikamgeuzia mgongo.

Mzee Elia, mzee wa kanisa letu, hakunihubiria. Alinipeleka kwenye nyambizi, yaani manowari inayopita chini ya maji. Ndani ni mabomba kila mahali, na vitanda vimebanwa katikati yake. Aliyetutembeza alikuwa Mzungu mzee, baharia wa zamani, na Mzee Elia akinitafsiria. Alisema vitanda havikutosha, kwa hiyo walilala kwa zamu: mmoja akiamka kwenda kazini, mwenzake anaingia palepale.

Nikamchokoza: je, yeye na mwenzake walipendana?

Akacheka. Hata salamu walipeana kwa shida. Lakini siku moja moto uliwaka melini yeye akiwa usingizini, moshi ukajaa, hakuna aliyeuona mkono wake mwenyewe. Yule mwenzake asiyempenda ndiye aliyerudi ndani akipapasa, akamvuta mguu. Hakuhitaji kuona. Kile kilikuwa kitanda chake pia.

Tulipotoka, Mzee Elia alinishika sikio. "Wee unataka chumba yako peke yako. Bon. Siku utaanguka mule ndani, nani atajua?"

"Mzee, mi niko kijana. Siwezi anguka."

"Donc bale ba mule ndani balikuwa bazee?" Yaani, kwani wale mabaharia walikuwa wazee?

Nilibaki. Kwa kununa, lakini nilibaki. Majira ya baridi yaleyale sukari ilinizidi usingizini, na wala sikujua kwamba ninayo. Samweli alirudi asubuhi amechoka, anataka kulala, akakuta sijaamka. Akanitikisa, nikawa kama gogo, akaita ambulensi. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu ningekuwa maiti. Huko Linden nani angelihitaji godoro langu?

Sasa nasikia unahamia Jeffersontown, karibu na Louisville, kwa sababu umechoshwa na kelele za ndugu zako. Sikuzuii, kazi ni kazi. Lakini usiende kujifungia. Tafuta watu wa kukaa nao, hata kama wanakuudhi, wajue unaingia saa ngapi na unalala wapi. Nawe ujue wanapolala wao, na moshi ukijaa urudi ndani kuwatafuta. Sikuombi, mwanangu, nakuagiza.

Mungu akutangulie njiani. Akupe nyumba yenye watu ndani, na asubuhi utakayoshindwa kuamka, awepo wa kukutikisa.